Maonyesho ya Wapigwa Picha

Kaa vizuri, msomaji wangu, na kama jirani yako amevaa kofia yenye nembo, jifanye unasoma tangazo la msiba. Habari ninayokupa ni ya nchi ya Utulivuni, ambayo haipo. Nimeitafuta kwenye ramani sikuiona, na wewe ukidhani umeiona mahali, hayo ni macho yako, usinitie matatani.

Basi huko Utulivuni wananchi walikuwa na tabia mbaya ya kulalamika kwamba askari wanawapiga. Walilalamika sokoni, wakalalamika kwenye foleni za maji, mwisho wakaandika barua, na barua ikamfikia Mlezi wa Taifa mwenyewe. Mlezi wa Taifa alikuwa mtu wa huruma. Waliokuwepo wanasema alilia mpaka akaletewa leso ya pili, kisha akaunda tume ya watu kumi na saba. Tume ikazunguka nchi mwaka na nusu, ikala vizuri, ikarudi na ripoti nene kama godoro, na ndani yake kulikuwa na sentensi moja ya maana: tatizo la nchi hii si askari, tatizo ni kupiga.

Ikatungwa Sheria ya Kutopiga. Ilikuwa na kifungu kimoja tu, kwa kuwa Mlezi hakupenda maneno mengi: ni marufuku kwa mtu yeyote kupiga. Wabunge walisimama wote kwa furaha wakaanza kupiga makofi, na kumi na wanane kati yao wakakamatwa hapo hapo.

Askari hawakupata taabu yoyote. Tangu siku ile hawakupiga tena, walikumbusha tu. Raia akichelewa kutoa kitambulisho alikumbushwa begani, akiuliza kwa nini alikumbushwa mbavuni. Na kama mtu aliingia kituoni mzima akatolewa kwenye machela, karatasi yake iliandikwa kwamba amejipiga. Sheria ilikataza kupiga, haikusema neno juu ya kujipiga, na serikali ya Utulivuni haina mazoea ya kuingilia uhuru wa mtu na mwili wake.

Walioipata taabu ni hawa wengine. Kupiga pasi kukawa kosa, taifa zima likatembea na makunyanzi. Kupiga mswaki kukahitaji kibali, watu wakazoea kuongea wakitazama pembeni. Askari walipokuja kumchukua mtu waliingia moja kwa moja hadi chumbani, na usiwalaumu, maana kupiga hodi ni kuvunja sheria. Uchaguzi nao ulikuwa umebakiza miezi miwili. Mlezi alitokea redioni, sauti imejaa uchungu, akasema yeye binafsi angependa sana watu wapige kura, lakini sheria ni sheria, na yeye ni nani hata ajiweke juu yake. Akabaki madarakani kwa masikitiko makubwa.

*

Sasa nikuonyeshe mtu wetu. Bi. Hidaya Mwasumbi, miaka arobaini na tisa, msimamizi wa maonyesho katika Jumba la Sanaa la Taifa. Kazi yake ilikuwa kuchagua picha za watu wengine, kuzitundika, na kuandika chini yake vikaratasi vinavyosema ni ya nani na inatoka wapi. Yeye mwenyewe hakuwahi kushika kamera. Alikuwa akisema, wapo wa kuona na wapo wa kuwaonyesha wengine kilichoonwa, na yeye ni wa pili, na anatosheka.

Aliishi na mama yake, na meza yao ya kulia ilikuwa na viti vitatu. Cha tatu kilikuwa cha mdogo wake, Idrisa, mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Jumanne moja Idrisa alikwenda kituoni kuomba kibali cha kupiga kengele ya shule. Baada ya siku nne ikaja karatasi: marehemu amejipiga mgongoni mara kumi na moja, kwa kukusudia. Mama yao aliisoma akauliza mkono gani wa binadamu unafika huko nyuma mara kumi na moja. Kiti akakiacha pale pale, na kila Ijumaa anakifuta vumbi.

Ndipo ikaja amri kutoka kwa Waziri wa Adabu, Mheshimiwa Mzofafa. Magazeti ya ng'ambo yalikuwa yameandika kwamba huko Utulivuni wanawake hawana sauti. Mheshimiwa Mzofafa aliumia, akakata shauri kuwajibu kwa maonyesho makubwa ya picha zilizotengenezwa na wanawake. Ziwe picha, ilieleza barua yake, kwa sababu picha hazisemi. Na wawe wanawake wa mataifa mengine, kwa sababu wa kwetu wameridhika.

Hidaya alifurahi kweli, nisikufiche. Alikaa mwaka mzima akiandikiana barua na wanawake wa mbali. Akampata mmoja wa nchi ya theluji ambaye alizipiga (naomba radhi kwa neno hilo, sina jingine) picha za wachungaji wa kike wakilala katikati ya mifugo ili wasigande. Akampata mwingine wa visiwani, aliyekuwa na picha za maharusi ishirini, wote kwa nyuma, kila mgongo na hofu yake. Akapata wengine wawili. Na wa tano alikuwa Bibi Eulalia.

Bibi Eulalia alitoka nchi ya milima ya chumvi, umri wake miaka sitini na saba, kimo chake kinaishia kwenye kifua cha Hidaya. Kwa miaka thelathini alikuwa akiingia majikoni mwa watu wa kwao akipiga picha za meza za kulia. Hakuna mtu hata mmoja pichani. Ni meza, sahani, chumvi kwenye kibakuli, na viti, na katika kila picha kiti kimoja kimesogezwa nje kidogo kana kwamba mwenyewe ameinuka sasa hivi kufuata kijiko. Kwao nako kulikuwa na miaka ambayo vijana walichukuliwa. Hidaya alipofungua bahasha ile ofisini alizitazama picha kumi na mbili moja moja, kisha akafunga mlango akalia. Hakumwambia mtu. Kwenye fomu ya Wizara, mahali pa maelezo, aliandika: samani za kigeni.

Katika barua zao Bibi Eulalia aliuliza siku moja kazi yake inaitwaje kwa lugha ya Hidaya, ili akija ajitambulishe mwenyewe bila msaada. Wizara ilikuwa imeshatoa Kamusi ya Adabu, na humo mtu wa kazi ile aliitwa mtunza mwanga. Kamusi ilikuwa kwenye droo, kalamu ilikuwa mkononi. Hidaya akaandika lile alilolijua tangu utotoni: Mimi ni mpiga picha. Hakuwa akifanya ushujaa. Neno lenyewe lilikuwa ndilo hilo, basi.

*

Siku ya kuwasili, afisa wa uwanja wa ndege alimuuliza mgeni kazi yake. Bibi Eulalia alivua kofia yake ya manyoya, akanyoosha mgongo, akaitoa ile sentensi aliyokuwa akiikariri miezi saba, kwa matamshi safi kabisa. Akairudia na mara ya pili, kwa kuwa ya kwanza ilimpendeza.

Hidaya alimkuta Idara ya Mikono, inayokamata wanaopiga, chumba cha kungojea, ameketi kwenye benchi la mbao lililong'arishwa na suruali na kanga za watu waliomtangulia. Lilikuwa benchi moja, dirisha moja linalotazama ukuta, na meza ya Afande Mabruki, Mpelelezi Mkuu wa Mikono. Nyuma ya meza kulikuwa na rafu, na juu ya rafu kamera ya Bibi Eulalia imefungwa kamba ya katani na kutiwa kibandiko: silaha.

Afande Mabruki hakuwa mtu mkatili, na hilo ndilo linalochosha katika habari hii. Alikuwa mtu wa kanuni. Alimweleza Hidaya kwa upole kwamba mgeni amekiri mwenyewe, tena mara mbili. Walipomuuliza kwa ishara amepiga mara ngapi, alifungua mikono yote miwili kama anayekumbatia pipa. Kwa idadi kama hiyo, alisema, mgeni atangoja hapo benchini mpaka sheria itafute adhabu inayomtosha. Inaweza ikachukua miaka.

Hidaya akasema ni picha, Afande, anapiga picha. Afande akajibu kwamba sheria haijauliza anapiga nini.

Mtu amesafiri siku tatu kwa mwaliko wake, amekamatwa kwa neno alilomfundisha yeye, na sasa anamtazama kwa tabasamu la mtu anayeuliza kama alikosea matamshi. Hidaya aliomba kuiona fomu. Akaisoma juu mpaka chini, akatazama ile sheria yenye mstari mmoja iliyotundikwa ukutani, na hapo akaona upenyo, mdogo, unaotosha herufi moja.

"Afande," alisema, "hapa kuna w imesahauliwa. Huyu mama si mpiga picha. Ni mpigwa picha."

Afande Mabruki alisoma kwa kidole. Alisoma tena. Uso wake ukalainika, maana Sheria ya Kutopiga ilitungwa kwa ajili ya wapigwa, ndio waliomliza Mlezi leso mbili, na kupigwa hakujawahi kukatazwa Utulivuni hata siku moja. Akaitia ile herufi kwa wino mwekundu, akasimama, akamletea Bibi Eulalia maji ya kunywa na kumpa pole.

Hidaya alitakiwa kutia saini kama mdhamini, kwamba anamjua mpigwa na atawajibika kwa lolote litakalotokea. Akatia. Kamera ikabaki rafuni, kwa kuwa ilikuwa kifaa cha mpiga asiyejulikana.

Njiani kwenda hotelini alimweleza mgeni wake, kwa lugha ya tatu ambayo wote wawili waliijua vibaya, kwamba sasa ameandikwa kuwa yeye ndiye aliyepigwa picha, wala hajapata kupiga. Alikuwa amemtoa benchini kwa kumfuta, akaona aibu kubwa. Bibi Eulalia alifikiri kidogo, akauliza picha zake basi nani alizifanya. Hakuna mtu, Hidaya akajibu.

"Kama kwetu," Bibi Eulalia alisema. "Kwetu pia, yote yaliyotokea, hakuna aliyefanya."

*

Jina la maonyesho likabadilishwa usiniulize mara ngapi, mwisho mlangoni pakaandikwa Wanawake Wapigwa Picha wa Mataifa. Misumari haikuruhusiwa, sababu kupigilia, kwa ufafanuzi wa Wizara, ni kupiga kwa kurudiarudia, adhabu yake mara tatu. Hidaya akazining'iniza picha kwa nyuzi kutoka kwenye boriti. Pima maji yake ya miaka ishirini, ya kunyooshea fremu, haikumfaa kitu, kwa kuwa kila mlango ulipofunguliwa nchi za watu zote ziliyumba. Lakini za Bibi Eulalia alizishusha chini sana, kimo cha macho ya mtu aliyeketi kula.

Ufunguzi ulikuwa saa nne asubuhi. Ndege ya Bibi Eulalia ilikuwa saa kumi jioni ya siku hiyo hiyo, na Hidaya hakuwa na dua nyingine ila hiyo: mama huyu apande ndege. Mheshimiwa Mzofafa aliingia na suti yenye mkunjo wa pasi, mkunjo pekee ulionyooka nchini, kwa kibali maalumu. Wageni wakakutanisha viganja taratibu bila sauti, kama inavyotakiwa.

Hotuba ilichukua saa moja na robo. Mheshimiwa alisema Utulivuni inampenda mwanamke kwa ukubwa wake, upana wake na urefu wake. Alisema mwanamke wa kigeni ni mwanamke pia, jambo ambalo serikali imelifanyia utafiti. Alisema amefarijika kuona picha zimetulia, hazilalamiki, na akawaasa wananchi waige mfano wa picha. Kisha akaketi kwenye kiti chake cha heshima, watu wakaruhusiwa kutazama.

Walioalikwa ni wanawake wa vyama, wameletwa kwa malori, na maelekezo yao yalikuwa kuzunguka mara mbili na kutabasamu. Walizunguka vizuri kwenye theluji, wakatabasamu kwa maharusi. Walipofika kwenye meza za Bibi Eulalia mzunguko ukasimama. Mama mmoja mnene mwenye kanga ya zambarau alisogea mpaka pua karibu iguse kioo. Alikaa hivyo muda mrefu. Halafu alikwenda pembeni, akachukua kiti cha mlinzi, akakileta, akakiweka mbele ya picha, amekisogeza nje kidogo. Hakuketi. Alisimama nyuma yake, mkono juu ya egemeo.

Mwingine akaenda kuchukua kiti. Na mwingine. Hakuna aliyeagizwa wala aliyesema neno, na sheria haikuwa na kitu juu ya viti. Ulisikika mburuzo wa miguu ya viti sakafuni, basi. Mheshimiwa Mzofafa alikuwa amesimama kidogo kusalimiana na mtu wa redio, na aliporudi kuketi, nusura aanguke chali. Kiti cha heshima kilikuwa mbele ya picha ya kumi na moja, kitupu, na ajuza mmoja amekishika kwa mikono miwili.

Hapo ndipo Waziri alipozitazama picha kwa mara ya kwanza. Alivisoma vile vikaratasi vya chini, akahesabu, akageuka mwekundu masikioni.

"Mnaniambia huyu ni mpigwa picha," alisema. "Mpigwa yuko wapi? Mimi naona meza."

Afande Mabruki, aliyekuja kulinda mikono ya wageni, alikunjua ile fomu ya mgeni akathibitisha kwa masikitiko kwamba mpigwa hayumo pichani hata kidogo. Na kama hayumo hakupigwa. Na kama hakupigwa, ile w haina kazi. Akatoa kalamu nyekundu. Hidaya alitazama saa ya ukutani, ilikuwa saa saba kasoro. Aliliona lile benchi, akamwona Bibi Eulalia amezeekea pale akingojea sheria, akaona vile vile, usidhani hakuona, meza ya nyumbani kwake na kiti cha pili kitakachobaki kitupu. Akaogopa sana. Akasema akiwa na hofu ile ile:

"Mimi ni mpiga picha."

Bibi Eulalia aligeuka. Kwenye hotuba ya saa nzima hakuwa ameelewa kitu, lakini sentensi hii aliijua, ilikuwa yake. Alifungua kinywa aiseme na yeye, Hidaya akamshika kiganja akakibana mpaka yule mama akaguna kwa maumivu. Usiseme, alimwambia kwa ile lugha yao mbovu. Nenda nyumbani. Wewe ukikaa hapa, nani atakwenda kwenye yale majiko.

Saini ya Hidaya ilikuwa kwenye kila karatasi ya maonyesho, kwa hiyo ushahidi haukusumbua. Mgeni akaonekana hana kosa wala kazi, akaruhusiwa kupanda ndege. Hidaya aliisikia ikipita juu ya Idara ya Mikono saa kumi na dakika tano. Wakati huo alikuwa benchini tayari.

*

Wiki kumi na moja, msomaji. Hakuna aliyemkumbusha hata begani, kwa sababu hakuwa mfungwa bado. Ili mtu awe mfungwa lazima afunguliwe faili, na faili halifunguliwi bila picha ya mwenye faili, na picha haipigwi kwa kuwa ni marufuku kupiga. Ili aachiwe ilitakiwa namba ya faili. Afande Mabruki aliandika barua Wizarani kuomba mwongozo, Wizara ikajibu kwamba nchi nzima anajulikana mpiga picha mmoja tu, na yuko kizuizini.

Mama yake alileta chakula kila siku, akakiacha getini. Walinzi wawili wa mlangoni walikionja, wakasifu, wakaingiza kilichobaki. Dirishani ukuta ulikuwa na ufa wenye umbo la ufunguo, na Hidaya alijua kwamba ukianza kuona funguo kwenye nyufa umekwisha. Aliota benchi akiwa juu ya benchi. Alikuwa amebanwa mahali ambapo hapakuwa hata na kufuli la kulichukia. Afande alimwonea huruma, akawa anamsomea kanuni mchana ili asichoke, na kwa kweli wakazoeana kama watu waliopanga nyumba moja.

Wiki ya kumi na mbili Afande aliingia akitabasamu. Amepata ufumbuzi. Aliishusha kamera rafuni, akakata kamba. Ilikuwa ya aina inayotema picha yake pale pale, maana Bibi Eulalia alikuwa na desturi ya kumwachia kila mwenye jiko nakala yake. Ndani ilibaki karatasi moja.

"Bi. Hidaya," alisema, "sheria inakataza kupiga. Haikatazi kujipiga. Jipige mwenyewe, faili lifunguke, tuendelee."

Akamwekea na fomu. Ilikuwa fomu iliyokwisha chapwa zamani, kwa wingi. Juu: Jina. Katikati: Amejipiga, na pembeni vijisanduku viwili vya kuchagua, ndiyo na ndiyo. Chini: Saini ya aliyejipiga, endapo anaweza.

Hidaya aliitazama karatasi ile. Aliwahi kuiona mezani kwa mama yake. Aliuliza kama fomu ya mwalimu Idrisa Mwasumbi ilikuwa hii hii. Afande Mabruki alitazama dari. Alisema fomu ni moja kwa wote, serikali haina ubaguzi. Kisha, ili kubadili mazungumzo, akawaita walinzi wawe mashahidi, akasoma kwa sauti Kanuni ya Tisa: picha ya kwanza itakayotoka itabandikwa kwenye faili bila kubadilishwa wala kurudiwa, na aliyemo pichani ndiye mwenye faili.

Akamwonyesha kitufe. Akamwonyesha jicho la kamera lilipo, na jinsi ya kuligeuza limtazame yeye.

Kwa miaka arobaini na tisa Hidaya hakuwahi kushika kitu hiki. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani, na kilinuka jikoni, moshi na vitunguu vya nchi asiyoijua. Alikigeuza kama alivyoambiwa. Kwenye kioo cha lile jicho akajiona mdogo, shingo imekonda, na nyuma yake lile benchi. Alijiona tayari yumo ndani ya ile karatasi, kumi na moja mgongoni.

Akakigeuza tena upande wa pili.

"Tulia hivyo hivyo, Afande," alisema, na Afande Mabruki, ambaye maisha yake yote alitii sauti iliyosema kwa utaratibu, akatulia.

Kamera ikatema. Walinzi wakainama kutazama karatasi nyeupe ikipata rangi. Kwanza ilitoka kofia. Halafu sharubu. Halafu macho, ya mtu aliyeshtuliwa akiwa katika kufikiri jambo jema.

"Ni Afande," alisema mlinzi mmoja.

"Aliyemo pichani ndiye mwenye faili," alisema wa pili, bila ubaya wowote, kwa kuwa ndiyo kwanza asomewe.

Wangeweza kuichana. Mimi na wewe tungeichana. Lakini Afande Mabruki alisoma Kanuni ya Tisa mara ya pili, akaisoma ya tatu, na hakupata upenyo, kwa sababu kanuni ile aliiandika yeye na aliiandika vizuri. Alibandika picha kwa gundi, akajaza jina lake kwa herufi kubwa. Mahali pa kijisanduku alisimamisha kalamu muda mrefu kidogo, kisha akaiweka chini. Akavua kofia, akaja kuketi benchini. Walinzi wakafunga mlango na kurudi nje. Hidaya akasogea kumpa nafasi, maana bado hakuwa na faili wala namba ya kumruhusu atoke.

Walikaa wote wawili wakitazama ule ufa. Afande alikuwa anageuzageuza kofia mapajani. Alikohoa. Alionekana anataka kuuliza jambo na anaona haya, kama kila mtu anavyoona haya mara ya kwanza.

"Nimetokaje?" aliuliza mwishowe.

Hidaya alimtazama. Alizipenda picha maisha yake yote na hakuweza kuisingizia picha.

"Umetoka vizuri, Afande," alisema. "Kwa wote waliowahi kukaa benchi hili, ni wewe tu uliyetoka."